Dakika Tatu za Ohio

Mwakilishi wa wadi yetu simjui kwa sura. Nimemwona kwenye mabango ya kampeni, amekunja ngumi na kuonyesha meno, lakini nikikutana naye sokoni Kibuye akichagua viatu nitampita kama mtu yeyote. Niulize badala yake kuhusu wadhamini watatu wanaoongoza kitongoji kimoja katika jimbo la Ohio, huko Marekani. Nitakwambia yupi ana kikohozi kisichopona, yupi hula peremende karibu na kipaza sauti, na yupi amekataa katakata kununua gari jipya la kuondolea theluji barabarani kwa sababu la zamani bado linawaka. Hao nawajua kuliko binamu zangu, na sijawahi kuwaona.

Ndiyo kazi yangu. Wao hurekodi mikutano yao, kampuni moja hunitumia sauti kwa mtandao, nami nikiwa chumbani kwangu mtaa wa Nyalenda, Kisumu, na feni imenielekea, naigeuza sauti kuwa maandishi. Neno kwa neno, hata "aah" na "mmh" zao. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani nawaambia niko kwenye serikali ya mitaa. Sijasema ya wapi.

Kitongoji chenyewe usidhani ni mji. Hakina stendi, hakina soko, hakina hata mtu wa kuchoma mahindi ingawa mahindi ndiyo yaliyokijaza. Kina mashamba, kanisa, kituo cha zimamoto na makaburi. Juu yake kuna kaunti, na juu ya kaunti kuna jimbo, ambalo ndilo baba mwenye nyumba. Sheria ya jimbo ndiyo inayosema kitongoji kifanye nini na kisifanye nini. Kinaweza kutengeneza barabara zake, kukata nyasi za makaburini, hata kuamua ugomvi wa ua kati ya jirani na jirani. Wadhamini wakitaka kujitanua kidogo, wakili wao anasafisha koo na kusema, "Sheria ya jimbo haitupi uwezo huo." Sentensi hiyo nimeiandika mara nyingi hadi vidole vinaijua bila msaada wangu.

Sheria hiyohiyo inataka mikutano ifanywe mlango ukiwa wazi, raia aingie, akae, asikilize. Lakini haisemi raia lazima apewe nafasi ya kusema. Kusema ni hisani ya wadhamini, na hisani yao ina urefu wa dakika tatu. Zikiisha, kengele ndogo inalia. Mtu anayefoka kuhusu mtaro wa jirani, kengele ikilia, ananyamaza katikati ya neno, anasema asante, anakaa. Mara ya kwanza kusikia hivyo niliirudisha sauti nyuma nikidhani nimeruka kitu.

Mambo haya yote nilikuwa nikimsimulia mama yangu. Mama anakaanga samaki ufuoni, nje kidogo ya Kisumu, pale boti zinapoingia asubuhi. Kila Jumamosi mimi huenda kukaa naye, yeye akiparua magamba, mimi nikimpa habari za Ohio. Alipenda sana kesi ya maua. Kitongoji kilikuwa na kanuni kwamba majira ya kukata nyasi yakianza, maua yote ya plastiki yatolewe makaburini ili mashine ipite. Kulikuwa na mama mmoja mzee aliyekuja kila mkutano kutetea maua ya marehemu mumewe.

"Na alipewa maua yake?" mama aliuliza.

"Alipewa dakika tatu."

"Halafu?"

"Wakamwambia asante, wakaita mwingine."

Mama akamgeuza samaki kwenye mafuta. "Hao watu hawajafundishwa adabu," akasema. Na nilipomwambia kwamba wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani, malori na malori ya chumvi, alikataa kunisikiliza tena siku hiyo.

Mimi lakini nilikuwa nimependa. Mimi ni mtu wa hasira fupi, na kitu kinachoniwasha kuliko vyote ni mkutano wa kwetu. Umekwenda kwenye kikao cha harusi, ukaketi na kamati, ukangoja kusikia nani ataleta tenti. Mzee anasimama. Anasalimia wazee wenzake, anasalimia akina mama, anasalimia vijana, anasalimia wageni, anarudi kwa wazee kwa sababu mmoja ameingia amechelewa. Anataja alikozaliwa. Anashukuru aliyemwalika, anamkumbuka marehemu. Ukifika kwenye tenti umeshasahau nani anaoa. Dakika tatu za Ohio zilikuwa kwangu kama maji baridi.

Basi ikaja habari ya ua wa kuzungushia ufuo. Kaunti yetu ilitaka ufuo upambwe. Kungekuwa na bustani, viti vya kupumzikia, njia ya mawe kwa wageni wa mwisho wa wiki, na ua wa chuma kuzunguka kote. Akina mama wanaokaanga samaki wangehamishiwa soko jipya kando ya barabara kuu, lenye paa na bomba la maji. Kwenye mchoro lilipendeza. Hata mimi nililisifu, nikiwa nimesimama mbali na mama.

Yeye hakuwa na neno baya juu ya soko. Shida yake ilikuwa samaki. Pale ufuoni boti ikifika, mama anaingia majini hadi magotini, anafunua shavu la mbuta, anabonyeza ngege kwa kidole gumba, anachukua huyu na kumwacha yule. Kule barabarani samaki angefika kwa dalali, na dalali angempata kwa dalali, na barafu ingeshaficha umri wake. Wateja wa mama, kuna wanaotoka Maseno kuja kula, wanakuja kwa sababu ya hicho kidole gumba. Kwa umri wake hakuwa wa kuanza kubahatisha. Akihamishwa, aliniambia, ataacha kukaanga. Alisema hivyo bila kunitazama, na niliogopa, kwa sababu sijawahi kumwona mama akiwa amekaa bure.

Sheria yetu nayo inataka wananchi waulizwe maoni. Kikao cha kwanza kiliitwa chini ya tenti, na sitakisimulia. Itoshe kusema mzee mmoja alianza na jinsi babu yake alivyoufikia ufuo huo, na jua lilipotua babu alikuwa bado yuko njiani.

Msimamizi wa wadi, aliyekiongoza kama mwenyekiti, alitoka hapo amekonda. Alikuwa mtu mpole, mwenyeji wa upande wa Bondo, mzee wa kanisa mwenye sauti nene ya kuongoza nyimbo. Akatafuta kijana mwenye kompyuta wa kumwandikia kumbukumbu za kikao cha pili. Nikajitokeza. Nikamwambia sitaandika tu. Nitamletea utaratibu wa kikao unaotumika Ohio. Nikamweleza: kila mtu dakika tatu. Mwenye pendekezo analitoa, wengine wakiliunga mkono wanasema ndiyo, karani anaandika, basi, imepita.

"Na watu wanakubali?" akauliza.

"Wananyamaza katikati ya neno, mzee."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kijana, kuja na hiyo kitu," akasema. Kichwa kilinivimba. Niliona kwamba elimu yangu ya makaburi na theluji sasa imepata mahali pa kutua.

Kengele sikuwa nayo. Siku ya kikao nilipita kwa mama nikaazima kifuniko cha sufuria na kijiko. Hakuuliza vya nini. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na kilemba kipya, na midomo ilikuwa ikicheza kidogo, akikariri.

Tulifungua kwa maombi, maana hata Ohio hufungua kwa maombi, halafu huapa mbele ya bendera. Sisi tuliiacha bendera. Mwenyekiti akasoma kanuni, watu wakapiga makofi. Hakuna mtu kwenye tenti ile aliyedhani dakika tatu zinamhusu yeye. Kila mmoja alikuwa akimtazama yule mzee wa babu. Akaitwa wa kwanza kusema, na wa kwanza alikuwa mama yangu, kwa sababu akina mama walikuwa wamekubaliana ndiye aseme kwa niaba ya wote.

Akasimama. Akatengeneza kilemba. "Bwana asifiwe," akasema, watu wakaitikia. Akasema tena, wakaitikia tena. Akamsalimia mwenyekiti, akawasalimia wazee wa kamati ya ufuo, akina mama, vijana wa boti, na wageni kutoka mjini, hasa yule aliyekuja na kofia ya uhandisi. Akasema yeye ni binti wa ufuo wa Luanda Kotieno, aliyekuja kuolewa hapa, na kwamba hapa wamemtunza. Akashukuru kwa tenti. Akasema amefurahi kuona hata mvua imengoja. Akavuta pumzi, akainua kidole, na hapo nikaona kwa macho yangu kwamba sasa anaingia kwenye jambo lenyewe.

Nikapiga kifuniko.

Mpaka leo nashikilia kwamba nilikuwa sahihi. Dakika tatu zilikuwa zimeisha.

"Hiyo ni nini?" mama akauliza.

"Mama, time yako imeisha," mwenyekiti akasema kwa upole.

"Lakini sijaanza."

Mwenyekiti akanitazama. Nikamwonyesha simu yangu yenye saa. Mama naye akakitazama kifuniko, akakitambua, akanitazama mimi, kisha akakaa chini taratibu na kukitandaza kitenge magotini. Iliniuma. Nilitamani hata anitukane. Akina mama ishirini na kitu walikuwa wameweka maneno yao yote kinywani mwa mtu mmoja, na mtu huyo nilikuwa nimemfunga kinywa kwa kifuniko cha sufuria yake.

Akaitwa wa pili, mama muuza omena, dagaa wadogo wa ziwani, jirani wa mama kwa kibanda. Mwanamke mfupi, mpana, asiyekurupuka. Alisimama akatazama kifuniko changu kwa muda.

"Mimi sina salamu," akasema. "Lakini kabla sijaongea, tuombe."

Watu wakasimama. Kofia zikavuliwa, hata ya uhandisi. Mwenyekiti akafumba macho, mikono kifuani.

"Nyasaye Baba yetu," akaanza, "wewe ndio uliumba hii ziwa, na haukuweka fence."

"Amina," watu wakasema.

"Unajua omena inataka jua na upepo. Unajua huko barabarani ni vumbi ya malori. Hawa watu wako wameandika omena itaanikwa juu ya paa ya soko. Baba, umeona hiyo paa? Inapandwa na nini?"

Mwenyekiti akanisogelea, macho bado yamefumbwa. "Hii inahesabiwa?" akanong'ona.

Swali lilikuwa gumu na niliheshimu ugumu wake. Kule kitongojini sala haihesabiwi. Kengele huanza kufanya kazi baada ya bendera. "Sala haihesabiwi," nikanong'ona.

"Lakini tulishafungua na maombi."

"Kanuni haisemi maombi ni mangapi, mzee."

Hapo nilikuwa nimesimama juu ya mwamba. Kama nilivyomwelewa wakili wa Ohio, serikali ndiyo haiwezi kufanya lile ambalo sheria haikuliruhusu. Raia yeye anaweza kufanya lolote ambalo halikukatazwa. Na maombi hayakuwa yamekatazwa. Nikaweka kijiko chini.

Mama wa omena aliomba hadi akamaliza paa, choo cha soko, na mlinzi ambaye bado hajaajiriwa lakini tayari alikuwa na dharau. Alipokaa, akasimama mama wa mgongo wazi, yule anayekaanga mifupa ya mbuta iliyotoka kiwandani. Naye akasema tuombe. Na wa tatu. Na wa nne. Kijana mmoja wa boti, sijui aliwahi kuingia kanisa lini, aliomba kuhusu mahali pa kufungia boti, kwa vipimo. Mama mmoja mwenyeji wa Murang'a, anayewauzia waendesha boti chai, aliomba kwa Kikuyu, na tulisema Amina kwa imani. Hakuna aliyethubutu kumkatiza mtu akiongea na Mungu. Tulisimama na kufumba macho kwa muda mrefu kiasi kwamba bwana wa kofia aliyumba akashika nguzo ya tenti.

Jua lilipoanza kuchoma kutoka upande wa ziwa, mwenyekiti akainua mkono. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Akasema maoni ameyasikia, yale ya kusemwa na yale ya kuombwa, na kwamba sasa tufunge. Akatazama huku na huku, akamwona mama. Nadhani alikuwa akimtafuta tangu mwanzo. Jambo lile lilikuwa limemkaa moyoni.

"Mama yetu pale," akasema, "wewe tulikukatiza. Kuja utufunge na maombi."

Mama akasimama. Safari hii hakutengeneza kilemba.

"Baba," akasema, "mtoto niliyemzaa amenipigia kifuniko yangu mwenyewe."

Watu wakacheka macho yakiwa yamefumbwa, kicheko cha ajabu kukisikia.

"Msamehe, hiyo ndio kazi inamlisha."

"Amina," akasema mwenyekiti kwa ile sauti yake ya kanisani.

"Mimi nataka kitu moja tu. Asubuhi boti ikifika, nataka nimuone samaki na macho yangu. Nimguse, nijue ni wa leo. Nikipelekwa barabarani nitauzia watu samaki yenye mtu ameniambia ni ya leo. Na mimi tangu nianze sijawahi kuwekea mtu kwa sahani samaki sijui."

"Amina," mwenyekiti akasema, na sauti ilikuwa imeshuka.

"Fence waweke. Wageni pia ni watu, wapate mahali pa kukaa. Lakini ipite nyuma ya vibanda yetu. Sisi utuache upande wa maji, Baba."

"Amina!" Ilikuwa sauti ya tenti nzima, na juu yake, nzito kama ngoma ya kwaya, sauti ya mwenyekiti.

Mama akakaa. Hata dakika tatu hazikuwa zimekwisha, najua kwa sababu niliangalia. Nilimwonea mama fahari ambayo sikuwahi kumwonea mtu yeyote, wala wa hapa wala wa Ohio.

Halafu nikaandika, maana mimi ni karani. Mwenyekiti akaniambia nisome niliyoandika mwishoni watu watawanyike, nami nikasoma: "Pendekezo: ua upite nyuma ya vibanda, akina mama wabaki upande wa maji. Limetolewa na mama mkaanga samaki. Limeungwa mkono na wote, mwenyekiti akiwemo. Limepita."

Bwana wa kofia akaivua tena. Mwenyekiti akaniinamia. "Kijana, ile haikuwa pendekezo. Ile ilikuwa maombi."

"Aliomba jambo, mzee. Ukasema Amina."

"Si kila mtu anasema Amina kwa maombi?"

"Ndiyo hivyo. Kila mtu alisema."

Alifungua kinywa kunijibu. Lakini mama wa omena alikuwa amesogea mbele, amejishika kiuno, anamuuliza mwenyekiti kama mtu anayetaka kujua tu.

"Kwani baba, wewe ulikuwa unaambia Mungu nini?"

Nilimwona mzee wa watu akipekua kichwani njia zote. Kukana Amina yake mchana kweupe, mbele ya akina mama ambao nusu yao wanasali naye, hilo sheria yoyote ingemruhusu, lakini Jumapili kanisani isingemruhusu. Alitoa kitambaa akajifuta uso wote, shingo na masikio. Akamtazama mama yangu, ambaye alikuwa ameinama akitafuta kiatu chake.

"Andika imepita," akasema.

Kama kitu kile kilikuwa na nguvu ya kisheria, sijui. Wakili wa Ohio angesafisha koo. Lakini karatasi ilikwenda mjini na saini ya mwenyekiti, bwana wa kofia akarudi na kamba na vigingi, na ua wa chuma umesimama sasa, umepakwa rangi ya kijani, umepita nyuma ya vibanda. Bustani iko upande wa pili. Wageni wanakaa kwenye viti vyao wakitazama ziwa kupitia migongo ya akina mama.

Mwenyekiti hana kinyongo. Kila Ijumaa anakuja kwa mama kula ngege. Mama anamletea sahani, anasimama kando na kuinamisha kichwa, kwa sababu mzee wa kanisa lazima aombee chakula. Naye anaomba vizuri, kwa ile sauti yake nene, lakini macho anayaacha wazi, na akifika mwisho anamtazama mama kwanza, kuhakikisha hana la kuongeza, ndipo anasema Amina.